Maswali ya wasomaji: Bangili za kamba kwa askari walio mbali

Toleo lililopita niligusia kidogo meza yetu ya Jumamosi: akina mama, vijana na wazee wachache tunaokutana hapa Marekani kusuka bangili za kamba ya parashuti, zikatiwe kwenye vifurushi vya askari walio vituoni ng'ambo. Yalikuwa maneno machache, lakini yameamsha watu. Barua zimekuja za kuuliza, za kushukuru, na moja ya kunikemea. Nafasi ya leo nawaachia wenye barua hizo, nami nijibu kadiri mikono yangu inavyojua.

Dada yangu, mwanangu wa pili ni askari wa jeshi la Marekani. Aliingia kupitia ule mpango wa lugha. Alipokuwa kituoni ng'ambo alinitumia picha ya mkono wake umevaa bangili ya kamba, rangi ya kijani iliyoiva. Akaniambia imetoka kwenye kifurushi, imesukwa na mtu asiyemjua, na wenyewe wanaiita bangili ya kujiokolea. Mimi naona ni urembo tu. Inamwokoa mtu vipi?
*Mama wa askari, Minnesota*

Dada, kwanza hongera kwa malezi, na pole kwa zile simu zinazochelewa kuja. Mpango unaousema, MAVNI, uliowaandikisha jeshini wageni wasio raia wenye lugha au ujuzi uliohitajika, ulianza 2009 ukasimamishwa 2016, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha ya lugha zilizokuwa zikitafutwa. Ndiyo maana mezani kwetu hawakosekani wazazi wanaozungumza lugha hii yetu na wana watoto ndani ya sare hiyo.

Sasa bangili. Ile ni kamba ndefu iliyokunjwa kwa akili ili ikae mkononi bila kumsumbua mtu. Kamba yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya miavuli ya askari wanaoruka kutoka kwenye ndege. Ni zile nyuzi ndefu zinazomshikilia mtu chini ya mwavuli wake. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, miavuli hiyo ilikuwa ya hariri, na hariri nyingi ilitoka Japani. Vita ilipoufunga mlango huo, nailoni, iliyokuwa imepatikana 1935 katika maabara za kampuni ya kemikali ya DuPont, ikashika nafasi. Askari wakishatua walikata kamba za mwavuli wakaenda nazo, maana kamba nyepesi na ngumu kiasi hicho hakuna anayeiacha porini. Mazoea hayo hayajafa.

Aina inayotumika sana huitwa 550, kwa kuwa imepimwa kuhimili ratili 550 kabla ya kukatika, yaani karibu kilo 250. Ndani ya ganda lake lililosukwa mna nyuzi nyembamba 7 hadi 9. Bangili ya mtu mzima hula mita 2.5 hadi 3 za kamba. Ukiifumua una kamba ya kufungia turubai, kubana mzigo, kutundikia chandarua, au kufungia banzi kwenye mguu uliovunjika. Ukizichomoa na zile nyuzi za ndani, zikiwa 7 katika mita 2.5, umepata zaidi ya mita 17 za uzi wa kushonea mkoba, wa kuvulia samaki, wa kutegea mtego. Hapo ndipo jina la kujiokolea lilipotoka.

Mtu asining'inie juu yake. Mwambie mwanao hivyo kwa sauti ya mama. Kilo 250 ni kipimo cha kamba iliyonyooka na mzigo uliotulia. Fundo peke yake linapunguza nguvu hiyo sana, na mtu anayeanguka huvuta kamba kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa.

Askari wengi hawazifumui kamwe bangili hizi. Wanazivaa mpaka zinapauka kwa jua, wanarudi nazo nyumbani. Hilo halibadilishi namna ya kuzisuka. Mezani nasimamia neno moja, na wenzangu wamelizoea hadi wananitangulia kulisema: hii ni kamba kwanza, bangili baadaye. Majibu yangu mengine yote hapa chini yanatoka kwenye neno hilo.

Shikamoo shangazi. Nilinunua kamba ya bei rahisi mtandaoni, imeandikwa 550, rangi zake nzuri sana. Lakini nikiikunja inabonyea na kuwa bapa. Nitajuaje kama ni yenyewe?
*Mwanafunzi, Arizona*

Marahaba mwanangu. Kata ncha, sukuma ganda nyuma kwa kidole gumba, kisha utazame ndani. Kamba ya kweli ina nyuzi zilizoachana ambazo unaweza kuzihesabu moja moja. Uchukue uzi mmojawapo uuzungushe kinyume katikati ya vidole: utaona nao umesokotwa kwa nyuzi ndogo zaidi, mbili katika kamba nyingi za madukani, tatu katika ile inayofuata kipimo cha jeshi. Ukikuta ndani mna manyoyamanyoya yasiyohesabika, au nyuzi nne tano tu, hiyo ni kamba ya mapambo hata kama imeandikwa nini juu ya pakiti. Na kule kubonyea ulikokuona ni dalili yake: ndani hamna kitu cha kulishikilia ganda.

Kisha ivute kwa mikono miwili. Nailoni inavutika na kurudi. Poliesta ni kaidi, haivutiki sana. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kule kuvutika ndiko kunakomeza mshtuko mwavuli unapofunguka ghafla, au turubai linapopigwa na upepo usiku.

Hiyo uliyonunua usiitupe. Jifunzie nayo mpaka vidole vizoee, ila isiingie kwenye boksi la askari. Atakayeipokea hana njia ya kujua kwamba ya kwake ndiyo ile ya manyoya, mpaka siku atakayoihitaji.

Na kabla hujasuka kamba nzuri, iloweke. Nailoni hunywa maji, na kamba mpya husinyaa ikilowa mara ya kwanza, kwa hiyo bangili iliyomkaa mtu vizuri ikiwa kavu inaweza kumbana akitoka kwenye mvua. Sisi tunaitumbukiza kwenye maji ya moto, tunaiacha humohumo mpaka maji yapoe, halafu tunaianika kivulini hadi ikauke kabisa. Ni kazi ya kungojea, na wapo wanaoiruka. Tafadhali msiiruke.

Mwenzangu, bangili yangu inajinyonga. Nasuka kama nilivyoona, lakini kabla sijafika nusu inaanza kujizungusha yenyewe, na mwishoni haikai bapa mkononi. Nimefumua mpaka vidole vinauma.
*Mama wa watatu, Kentucky*

Pole mama. Unachokisuka ni nusu ya fundo, ile ile, upande ule ule, kila mara. Mafundo ya upande mmoja yakifuatana lazima yazunguke. Usuko tunaoutumia unataka nusu mbili: moja ianzie kushoto, ya pili ianzie kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wengi huuita msuko wa kobra kwa sababu ya mgongo wake, na ndio unaopokelewa karibu kila mahali.

Hapa nikisema uzi nasema kamba nzima, si zile nyuzi nyembamba za ndani. Weka nyuzi mbili za kati zimetulia, zinyooke. Hizo hazisuki, zinasukiwa. Uzi wa kushoto upitishe juu ya hizo mbili kuelekea kulia, uache kitanzi kidogo upande wa kushoto. Sasa uzi wa kulia upite juu ya mkia wa ule wa kwanza, uzame chini ya zile za kati, uibuke ndani ya kile kitanzi cha kushoto kutoka chini kuja juu. Vuta pande zote mbili kwa pamoja. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni hiyohiyo, ila unaanzia kulia.

Wewe unapotea hapo kwenye kukumbuka zamu ya nani. Kwa hiyo nakupa ufunguo ninaompa kila mgeni mezani: jifunze kwa rangi mbili. Tuseme mkono wa kushoto umeanza na nyeusi, wa kulia kahawia. Nyeusi ndiyo itakayopita mbele ya nyuzi za kati daima, iwe imekaa kushoto au kulia. Kahawia itapita nyuma daima. Huna haja ya kuhesabu wala kukumbuka. Ukiinua macho kumjibu mtoto kisha ukarudi, tafuta tu nyeusi iko wapi, uipitishe mbele. Ukiona kahawia imepita mbele, rudi fundo moja, hapo ndipo ilipokosewa.

Kuhusu mvuto: kaza kila fundo sawa na la kabla yake. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya ukili, na mkeka uliosukwa na mtu mwenye hasira huonekana, hapa umebana, pale umelegea. Kamba nayo iko hivyo hivyo. Kila baada ya vidole vinne vya usuko, shika nyuzi za kati, sukuma mafundo juu kwa kucha yakae pamoja. Ikae bila mianya, lakini ukiikunja ijipinde kwa hiari. Bangili ngumu isiyojipinda imekazwa mno, na yule anayetaka kuifumua gizani atateseka nayo.

Mama, heshima yako. Nilitumikia jeshi la nchi kavu, nikapelekwa Afghanistan. Vifurushi vilikuwa vikifika tunavigombea kama watoto. Usiku mmoja tunajiandaa kutoka, uzi wa buti langu ukakatika. Nilikata ncha za bangili yangu, nikaifumua, nikapata uzi wa buti na ukabaki. Rafiki yangu alikuwa na bangili nzuri kuliko yangu, inang'aa, lakini siku alipotaka kushonea mkanda wa mkoba wake ilimshinda. Aliyeisuka alikuwa ameipaka gundi toka mwanzo hadi mwisho. Waambie wasukaji wenzako.
*Mkongwe wa vita, Texas*

Mwanangu, asante kwa kutumikia na asante kwa barua. Niliisoma mezani kwa sauti, halafu nikaisoma tena kwa waliochelewa.

Wanaopaka gundi wana nia njema. Wanataka kazi yao isifumuke. Lakini kufumuka ndiyo kazi ya kitu hiki, ila kifumuke pale mwenyewe anapotaka. Kinachotakiwa kushikiliwa ni ncha mbili tu za mwisho. Tunazikata zibaki fupi, kama nusu sentimita, tunaziyeyusha kwa moto mdogo, tunazibonyeza kwa mgongo wa kijiko cha chuma zitandazike juu ya fundo, upande wa ndani wa bangili. Hapo panatosha. Ulivyofanya wewe ndivyo tunavyokusudia: kisu kidogo au mkasi kwenye zile ncha mbili, na kamba nzima inaachia fundo baada ya fundo.

Kwa sababu ya barua kama yako, kila tunapomaliza lundo tunachukua bangili moja bila kuchagua, tunampa mtu ambaye hakuisuka, aifumue mbele yetu. Mwanzoni watu waliumia kuona kazi yao inaharibiwa. Sasa wanasogea karibu watazame. Ncha ikigoma, tunauliza ni nani aliyeiyeyusha na tunamwonyesha tena, kwa upole. Kamba iliyofumuliwa inarudi kwenye kapu la kujifunzia.

Shangazi, nina vijana wa darasa la Jumapili, wa miaka tisa hadi kumi na tatu. Wanataka sana kufanya kazi hii. Naogopa moto.
*Mwalimu, Colorado*

Uendelee kuogopa. Nailoni huyeyuka ikipata joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, na tone lake likidondoka kwenye ngozi linang'ang'ania, linaendelea kuunguza wakati mtoto anatikisa mkono. Kwa hiyo kazi igawanyike. Watoto wasuke, wapime, wakate. Moto ushikwe na mtu mzima mmoja, mezani kwake peke yake, dirisha likiwa wazi, bakuli la maji baridi pembeni. Mtoto alete bangili yake ikiwa imekwisha, asimame hatua mbili nyuma.

Usiwaache wabonyeze ncha kwa kidole, hata wale wakubwa. Wameona watu wakifanya hivyo kwenye video na wanadhani ndiyo ufundi. Kijiko kinatosha.

Mengine kwa watoto ni rahisi. Miaka tisa wanasuka vizuri, wengine kuliko sisi, ilimradi waanze na rangi mbili kama nilivyomweleza mama wa Kentucky.

Binti yangu anataka kusuka za waridi na shanga zenye herufi. Nimwache?
*Baba, Virginia*

Mwache asuke ya waridi aivae mwenyewe au ampe rafiki. Ya askari iwe nyeusi, kijani cha jeshi, kahawia ya mchanga, au rangi za kujificha. Kila kikosi kina kanuni zake za kinachoruhusiwa mkononi mwa mtu aliye ndani ya sare, na rangi iliyotulia ndiyo yenye nafasi ya kuvaliwa. Rangi kali itakaa kwenye begi. Shanga zinamzuia mtu kufumua, na kitu chochote kinachong'aa au kugongana usiku hakimsaidii.

Kifungo kiwe cha plastiki, kile cha kubana pande mbili kama cha mkanda wa begi la mgongoni. Ukikosa, malizia kwa kitanzi upande mmoja na fundo nene upande wa pili. Napenda sana hilo la kitanzi, kwa kuwa lote ni kamba. Urefu wa bangili iliyofungwa tunauweka kati ya sentimita 18 na 23, na tunachanganya vipimo, maana wanawake nao wamo vikosini na mikono yao isisahauliwe.

Habari dada. Nimesuka bangili nyingi, zimejaa boksi la viatu. Naweza kuandika "Kwa askari yeyote" nikalipeleka posta?
*Msomaji, Georgia*

Hapana, dada. Zamani iliwezekana. Lakini Oktoba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba na zile barua zilizotiwa vimelea vya kimeta, Wizara ya Ulinzi ilisimamisha upokeaji wa barua na mizigo isiyo na jina la mtu. Siku hizi kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kupitia shirika linalokusanya na kupakia. Linalojulikana sana ni Operation Gratitude, lililoanzishwa 2003 huko California na Carolyn Blashek. Linapokea bangili, kofia na skafu za kufumwa kwa mkono, na barua, kisha linavipakia pamoja na vitu vingine na kuvipeleka kwa askari walio ng'ambo. Kabla hujasuka hata moja ya kupeleka kwao, soma maelekezo yao ya wakati huo, maana masharti ya rangi, kipimo na kifungo hubadilika, nao hulazimika kuziweka kando zisizofuata. Nimewahi kuona mifuko mizima ya kazi za watu ikirudishwa kwa kukosa kusoma ukurasa mmoja, na inauma.

Ya pili ni askari unayemjua kwa jina, au aliye tayari kugawia wenzake. Hapo utaandika jina lake kamili, kikosi chake, na anwani ya posta ya jeshi: APO kwa jeshi la nchi kavu na la anga, FPO kwa wanamaji. Mahali pa jimbo utaandika AE kwa walio Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, hata wale wa Djibouti wamo humo. AP kwa walio Pasifiki. AA kwa Amerika ya Kati, ya Kusini na Karibi. Jina la nchi usiliandike kabisa. Ukiliandika, mzigo unaweza kuangukia kwenye posta ya kiraia ya nchi hiyo. Gharama ni ile ya kutuma ndani ya Marekani, lakini fomu ya forodha bado inatakiwa, na vitu vyote uvitaje humo kwa jina.

Kila anwani ya jeshi ina makatazo yake, posta watakuonyesha. Na usimtilie kiberiti cha gesi eti cha kuyeyushia ncha.

Shangazi, nimesoma na nimeumia. Mimi nimekimbia vita. Kwetu askari ndiye aliyetutoa nyumbani. Inakuwaje watu wetu wanakaa kusuka zawadi za jeshi, tena jeshi la nchi kubwa namna hii? Hizo Jumamosi msingewapa wakimbizi?
*Ndugu, Ohio*

Ndugu yangu, pole. Barua yako sikuijibu haraka, na nisingependa uione kama nakushindania maumivu yako. Uliyoyaona wewe sikuyaona mimi.

Nakueleza ninavyoamini. Bangili haiendi kwa vita wala kwa wanaoiamua. Inakwenda kwenye mkono wa mtu, mara nyingi kijana wa miaka ishirini, aliye mbali na mamaye, anayelala kwenye kitanda cha kukunjwa na kuamshwa usiku. Kijana huyo nikimjali sijamwambia kwamba kila anachotumwa ni haki. Kuna vita vilivyopiganwa na nchi hii ambavyo mimi sikubaliani navyo, na siku hizo zilizokuwa za vita hivyo ningesuka vilevile. Si jambo jipya. Mwaka 1917 Msalaba Mwekundu wa Marekani uliwaomba watu wafume soksi na sweta kwa askari waliokuwa wakisimama kwenye mahandaki yenye maji, na nina hakika wengi waliofuma soksi zile walikuwa wakiomba vita viishe.

Nawe huna deni la kusuka. Mezani kwetu yupo mama aliyepita njia kama yako. Alikuja na jirani yake, akakaa, akasema wazi kwamba za askari hatosuka. Anasuka za wazima moto na za wahudumu wa magari ya wagonjwa, ambao nao wanapokea vifurushi, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Kuhusu wakimbizi umesema kweli, wanahitaji mikono. Baadhi yetu hao hao, siku nyingine, wanapanga mablanketi na vyombo vya jikoni kwa familia zinazowasili. Ukipenda kuja siku hiyo, niandikie kupitia gazeti hili, kiti kipo.

Je, niandike nini kwenye kikaratasi cha kuambatanisha? Kila nikikaa kuandika nakosa maneno.
*Bibi wa wajukuu sita, Washington*

Shikamoo bibi. Andika kidogo, kwa mkono wako, kwa Kiingereza chepesi au hata kwa Kiswahili ukiweka tafsiri chini yake. Askari anayesema Kiswahili akikiona ghafla kwenye boksi lililofunguliwa jangwani atamwita mwenzake aje aone. Taja jina lako la kwanza na jimbo, usiweke anwani ya nyumbani. Mwambie bangili imetengenezwa na nani na jinsi inavyofumuliwa: akate ncha mbili zilizoyeyushwa upande wa ndani, avute. Sentensi hiyo ya kufumua wengi huisahau, nayo ni ya lazima kuliko salamu.

Usimsimulie siasa, usimuulize yuko wapi, usimtajie kifo hata kwa kumwombea asife. Mwambie unalima nini bustanini, wajukuu wamekuudhi vipi wiki hii, mbwa ameiba nini. Wanaorudi hutuambia kwamba hayo ndiyo waliyoyabandika ukutani.

Usingoje jibu. Likija, ni zawadi. Na kikaratasi kikunje, ukipitishe ndani ya duara la bangili kabla hujaiweka mfukoni, maana vikitiwa ovyo ovyo boksini hutengana, na anayepakia hana muda wa kutafuta kipi ni cha nani.